Watoto wa Gredi ya 6 wameniuliza wenyewe wa Mombasa ni nani. Naomba msaada

mwalimu_wa_busia

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Busia, na mwaka huu nimeletwa kufundisha Changamwe, hapa Mombasa. Tulipofika mada ya watu wa Kenya niliwaambia watoto kila mmoja aandike kabila lake na mahali alikozaliwa babu yake. Nilidhani ni kazi ndogo. Karatasi zile nilikaa nazo hadi usiku.

Kuna Mrabai, Mduruma, Mkamba, Mtaita, Mjaluo, na Waluhya wenzangu. Hao sawa. Lakini mmoja ameandika Mjomvu, mwingine Mbaluchi, mwingine Mmakonde. Na kuna msichana ameandika Mswahili, akakata, akaandika Mwarabu, akakata tena, akaacha wazi. Kesho yake mvulana mmoja akasimama: "Mwalimu, sasa wenyewe wa Mombasa ni nani?" Darasa zima likaanza kubishana, na nikawaahidi kwamba nitawajibu.

Mwalimu mkuu amekubali tuwatoe siku moja, na basi tumepata. Kila ninayemuuliza ananiambia niwapeleke Fort Jesus basi, imetosha. Mimi nataka waone watu, na nataka nitakalowaambia liwe kweli. Mtu wa pwani angewapeleka wapi, na angewaambia nini?

kijana_wa_rabai

Karibu pwani mwalimu. Ombi langu ni moja, usiishie kisiwani Mombasa. Waelezee makabila tisa ya Wamijikenda: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Warabai, Wajibana na Wakauma. Makaya yetu yaliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008. Kaya haikuwa msitu wa kuogopwa tu, ilikuwa mji, na wazee bado wanautunza. Ukipata siku nyingine mlete watoto Rabai, mnakunja hapo Mazeras. Kuna makumbusho kwenye kanisa la Krapf, mmishenari aliyekuja kuishi huku 1846. Lakini kayani huingii hivi hivi. Waone wazee kwanza, wao ndio watakaokwambia mpite wapi na msiguse nini.

mkazi_wa_tudor

Mwalimu, mimi ningekushauri uwaambie kwamba wote ni Wakenya, yaishe. Haya mambo ya nani mwenyewe nani mgeni yameshaleta maneno mengi hapa, hasa wakati wa kura. Mtoto wa gredi ya sita wa nini kumtia katika hayo?

bi_leso

Asalaam aleikum mwalimu, na karibu sana. Mimi nimeuza leso Barabara ya Biashara miaka na miaka, mpaka magoti yalipokataa. Baba yangu Mkilindini, mama yangu Mdigo wa Mtongwe. Swali la huyo mvulana nimelisikia tangu utoto, tena ndani ya nyumba.

Anza hapo hapo mulipo. Watu wakisikia Changamwe huwaza malori na matangi ya mafuta, lakini Wachangamwe ni taifa. Sisi Waswahili wa Mombasa twahesabiana kwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, na taifa kwetu ni kama kabila. Thelatha Taifa, yaani matatu, ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Mengi ya majina hayo ni majina ya miji. Watu walihama kutoka kaskazini na kutoka ng'ambo ya maji, wakaingia kisiwani na jina la walikotoka. Basi mtoto aliyeandika Mjomvu hajakosea hata kidogo, na Jomvu Kuu haiko mbali na shule yako. Mtafute mzee wa huko aje darasani kabla ya safari.

Lakini vitabu vya shule vikifika hapa huhesabu majina kisha vikanyamaza, na jambo kubwa hawalisemi. Hakuna taifa lililoishi peke yake. Thelatha Taifa walikuwa na mapatano na Wadigo na Waduruma. Tisa Taifa walikuwa na yao na Wagiriama, Warabai, Waribe na wenzao wa upande wa kaskazini. Ikija njaa au vita, kila mmoja alijua aende kwa nani. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 akaandika kwamba watu wa kisiwa hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Hiyo ni kabla ya Mreno kuiona bahari hii. Kwetu wajomba walikuwa wakivuka kutoka Mtongwe na muhogo na madafu, wakirudi na ng'onda, samaki wakavu, na leso za kina mama, na hakuna aliyeitwa mgeni. Mimi hilo ndilo ningewafundisha watoto, nani alimtegemea nani. Mvulana akiuliza mwenyewe ni nani, mwulize naye: kisiwa hiki kingekula nini bila ya Mmijikenda, na Mmijikenda angeuza wapi bila ya kisiwa?

Sasa safari. Fikeni mapema, muanzie soko la samaki Mji wa Kale, karibu na bandari ya kale. Hapo munakuta Mbajuni na Mpemba wameleta changu, tafi na kolekole, bei yapigwa mnada kwa sauti, na mama karanga wamekaa na beseni zao wakingoja samaki wadogo wakawakaange mitaani. Hao mama karanga wengi ni Wagiriama, Wajaluo, Waluhya. Waache watoto wasikilize namna wanavyopatana bei. Usiwaeleze kitu, wasikilize tu.

Mukitoka hapo piteni Ndia Kuu. Waoneshe Msikiti wa Mandhry, ulijengwa 1570, na msikiti wa Mabohora, Waislamu wa asili ya Kihindi, ulioelekea bahari. Mtoto wako wa Kibaluchi mwambie kwao pana msikiti Makadara, babu zake walikuja kama askari wa masultani wa Oman.

Fort Jesus ingieni, ila musikae sana. Mreno aliianza 1593, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 wakaitwaa 1698. Kuna jambo moja tu nalotaka watoto walijue. Wareno walipokuwa wamekufa kwa maradhi na njaa, walioishika ngome kwa muda katika 1697 walikuwa watu wa pwani hii, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Bwana Daud wa Faza. Na wakati huo watu wengine wa pwani hii hii walikuwa upande wa Waomani. Kila mji ulikuwa na hesabu zake. Mtoto akilifahamu hilo hatasema tena kwamba pwani ilikaa ikingoja kutawaliwa.

Halafu Biashara. Hapa nisameheni nikae kidogo. Leso ina mambo matatu: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, ndiyo yale maneno yaliyoandikwa chini. Huuzwa mbili zikiwa zimeungana. Fundi amekaa nje ya duka na cherehani, anazikata katikati, anapinda ncha na kushona huku wewe umesimama. Husimuliwa kwamba zamani kina mama wa mwambao walinunua vitambaa vya mraba vya Wareno, wakaunga vitatu juu vitatu chini, wakapata nguo moja. Kisha wafanyabiashara wa Kihindi wakaanza kuzichapisha zikiwa nzima. Basi leso unayoishika yawezekana imechapwa India, muuzaji ni Mhindi wa hapa hapa, maneno ni ya Kiswahili, na anayeinunua ni Mduruma anapeleka zawadi ya mkaja kwa mama wa bibi harusi. Mimi nimewauzia wateja wa kila namna, na wote, Mkamba na Mdigo, Mwislamu na Mkristo, walisoma jina kwanza kabla ya kutazama rangi. Mpe kila mtoto kazi ya kuandika majina matatu ya leso atakazoziona zimetundikwa. Watasoma Kiswahili siku hiyo kuliko wiki nzima darasani.

Ndugu yangu wa Tudor, nimekusoma na sikudharau. Hofu yako naijua. Lakini ukinyamaza watoto hufundishwa na wanasiasa, na wao hawaanzii kwenye soko la samaki. Ndiyo maana mwalimu nataka upite Majengo ukiwa na watoto, muone nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Wenye nyumba wengi hawamiliki chini yake. Nyumba yako, ardhi ya mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja. Mwenye ardhi akiuza, wewe unabaki na kuta. Mwambao huu, upana wa maili kumi kutoka baharini, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakaupanga kwake kwa mkataba wa 1895. Mwaka 1908 ikaja sheria kwamba mwenye dai la ardhi alete ushahidi. Waliojua makaratasi walipata hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Mmijikenda aliyekuwa akilima pamoja na ukoo wake hakuwa na karatasi, na Waswahili wengi pia walipoteza. Mwambao ukaingia Kenya 1963 na hati zile zile. Wengi wanaoitwa maskwota leo ni wajukuu wa watu waliozaliwa pale pale. Likinigusa jambo hili siwezi kuandika polepole. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayeishi katika nyumba kama hiyo ameshasikia wazazi wakilizungumza usiku, bora alijue sababu yake.

mkazi_wa_tudor

Nimekuelewa Bi. Nyumba ya marehemu baba yangu ni hivyo hivyo. Sikuwahi kujua hiyo ya 1908.

mwalimu_wa_busia

Shikamoo Bi, na ahsanteni wote. Nimenakili yote kwenye daftari. Nina maswali mawili. La kwanza, nusu ya darasa langu ni watoto wa bara, na wao wataona hadithi yote ni ya watu wengine. La pili ni yule msichana aliyeacha wazi. Nimwambie nini?

jirani_wa_kengeleni

La kwanza nisaidie mimi. Mkivuka daraja la Nyali simameni Kengeleni. Hapo ndipo Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari kuanzia 1874 kwa ajili ya watu walioachiliwa utumwani. Walikuwa Wanyasa, Wayao, Wamakua na wengine, na baadhi ya waliokuja kuwafundisha walikuwa Waafrika waliolelewa India baada ya kuokolewa kwenye majahazi. Kengele ipo mpaka leo, ilipigwa kuwaonya watu wakiona hatari. Watu wa bara wamekuwa hapa muda mrefu, wengine kwa kuletwa bila hiari yao. Reli nayo ilianza kujengwa kutoka hapa 1896, na bandari ikavuta watu wa kila upande. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma pamoja, wa bandarini, wa reli, wa majumbani, na Chege Kibachia akawaongoza kwenye chama chao. Huo mgomo ni wa babu za watoto wako wa Kiluhya, Kijaluo na Kikamba sawa na wa babu zetu.

Na mtoto wa Kimakonde usimpite. Watu wake walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakakaa miaka mingi bila vitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kuvidai, na wakavipata. Wapemba nao walitambuliwa 2023. Mwache asimulie mwenyewe kama nyumbani wamemhadithia.

bi_leso

Marahaba mwanangu. Huyo msichana ameandika historia nzima kwa kukata mara mbili. Wakati wa Mwingereza watu waligawanywa, wenyeji upande huu na wasio wenyeji upande ule, na kodi, mashule, hata mgao wa chakula wakati wa vita vikafuata mgawanyo huo. Mwarabu alikuwa juu ya Mswahili. Basi koo zilezile, ndugu wa tumbo moja, huyu akajiandikisha Mwarabu ili mtoto apate shule, yule akabaki Mswahili. Serikali ikitoa fomu mpya, watu hujiuliza upya. Na kweli nyingi za nyumba hizo zina babu wa Hadhramaut, huko Yemen, au Oman na bibi wa hapa hapa.

Usimchagulie. Mwite pembeni, mwambie kwamba wote wawili, aliyeandika mwanzo na aliyekata, wana sababu. Mwulize bibi yake mzaa mama alikuwa wa taifa gani, na mzaa baba wa taifa gani. Huenda bibi ndiye atakayefurahi zaidi kuulizwa. Akitaka aandike Mswahili, aandike. Akitaka aandike mistari miwili, mpe karatasi kubwa zaidi.

Mengine ni ya safari. Usichague Ijumaa, mitaa ya misikiti hujaa na maduka hufunga adhuhuri. Jumanne au Jumatano ni nzuri. Wasichana wabebe leso au mtandio, na kwenye misikiti ombeni ruhusa kwanza. Chakula cha saa nne nunueni Mji wa Kale, viazi karai na mahamri kwa mbaazi, lakini mwambie muuzaji jana yake kwamba munakuja wengi, asije akakosa unga. Rabai muiache siku nyingine kama alivyosema kijana, mukijaribu yote kwa siku moja mutaishia kwenye foleni ya magari Makupa.