Kila upara ni fangasi? Madaktari, mtaanza lini kutazama vichwa vyetu kabla ya kuandika dawa?

Wakuu habari zenu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za mafuta ya kuotesha nywele, hapa hakuna kinachouzwa. Nimekuja kulalamika, tena kwa kirefu. Mwenye haraka apite.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na ushee, niko mkoani. Kichwa kilianza kuniuma utosini. Sisemi kuumwa kichwa kama kwa malaria, nasema ngozi yenyewe: ukiigusa inauma kama jipu linalotaka kuiva, na usiku inawasha na kuchoma mpaka usingizi unakata. Nywele za pale katikati zikawa zinakatika, hazirefuki. Baadaye pakatokea uwazi, na uwazi ukawa unatanuka kwenda pembeni pande zote. Sikwenda kwa mganga wala kwa msusi. Nilikwenda hospitali, kadi ya bima mkononi, nikakaa foleni kama wenzangu.

Daktari akauliza shida. Nikasema nywele zinakatika na kichwa kinawasha. "Hiyo fangasi," akaanza kuandika. Nilikuwa nimejifunga kilemba. Nikauliza, nivue uone? Akasema haina haja mama, wengi mnakuja nayo hiyo. Nikatoka na cheti cha dirisha la dawa, kilemba hakijafunguliwa hata fundo moja.

Nyie madaktari mliomo humu, nijibuni. Mtu akija na kidonda mguuni mnamwandikia dawa kabla hajapandisha suruali?

Sasa sikilizeni lile lililonipotezea muda kuliko yote, maana najua wengi mnayo nyumbani hivi sasa. Nilichopewa ni tyubu ya mchanganyiko. Someni maandishi madogo ya nyuma: dawa ya fangasi, antibayotiki, na ya tatu betamethasoni, yaani steroidi. Nikapaka, kuwasha kukapungua ndani ya siku chache. Nikarudi, daktari mwingine, faili lile lile. "Umepata nafuu? Basi umeona, ni fangasi. Endelea." Kumbe kilichotuliza ni ile steroidi, kwa sababu tatizo langu lilikuwa uvimbe wa ndani ya ngozi (si donge, ni ngozi kuwaka na kuvimba kwa ndani) na steroidi hushusha uvimbe wa aina nyingi. Dawa ikawa shahidi wa uongo. Nikiacha, moto unarudi. Nikirudi, tyubu ile ile. Na nyuma ya kilemba nywele zinaendelea kwenda.

Na ingekuwa fangasi kweli, bado tyubu hiyo ilikuwa matibabu mabaya. Fangasi ya kichwani, haya mapunye, huingia ndani ya unywele wenyewe, dawa ya kupaka haifiki huko. Hutibiwa kwa vidonge, griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa. Tena kwa sehemu kubwa ni ugonjwa wa watoto. Mtu mzima anaweza kuupata, sikatai, lakini mama wa umri wangu akija na upara wa utosini, fangasi haipaswi kuwa jibu la kwanza na la mwisho. Halafu steroidi juu ya fangasi huificha: baka hupoteza sura yake ya kawaida huku ugonjwa unasambaa, na daktari anayefuata anachanganyikiwa zaidi. Kwa hiyo hata walipodhani wako sahihi, walikosea.

Kipimo cha fangasi si cha roketi. Unakwangua magamba, unang'oa nywele chache, unadondoshea potasiamu haidroksaidi, kemikali ya kuyeyusha magamba ili fangasi ionekane, unaweka chini ya hadubini. Hadubini zipo kwenye maabara nyingi zinazopima malaria. Hakuna aliyenipima, hata mmoja.

Kuna mmoja, tuseme ukweli, alitazama. Aliniambia nivue, akachungulia akiwa amekaa kwenye kiti chake upande wa pili wa meza, akasema "mbona hakuna wekundu, hamna kitu hapo, labda ni mawazo." Wekundu! Kwenye ngozi yangu hii! Sisi weusi uvimbe wa ngozi mara nyingi hauwi mwekundu, unakuwa mweusi zaidi, au zambarau, au kahawia ya kufifia. Daktari wa Kitanzania anayetibu Watanzania anasubiri kuona rangi ya kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Nililia nikiwa kwenye daladala.

Mama mkwe wangu alishatoa hukumu mapema kwamba wamekuja kuninyoa usiku. Simlaumu. Alau yeye alinivua kilemba akatazama.

Aliyenisaidia hakuwa profesa. Ni tabibu tu, yuko wilayani, aliyekwenda kusomea ngozi Moshi, kile chuo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kinachofundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Nilielekezwa kwake na mfanyakazi mwenzangu. Akanikalisha dirishani kwenye mwanga, akafungua kilemba mwenyewe, akagawa nywele kwa kitana mstari kwa mstari. Akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa: panauma au panawasha tu? Mama yako ana nywele utosini? Dada zako je? Akatazama mpaka ndani ya masikio. Akaeleza kwamba kuna lupasi ya ngozi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, ambayo nayo hula nywele na kuacha kovu, na hupenda kuacha alama kwenye bakuli la sikio. Kisha akashika kilenzi chenye taa, akanionyesha kwa simu: pale katikati ngozi laini, inang'aa, vitundu vya kutokea nywele havipo kabisa. Pembeni, nywele zilizobaki zina duara la weupe wa kijivu kwenye shina. "Mama, hii si fangasi. Hili ni kovu, na bado linatembea."

Akatoa kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi cha kupimwa. Ganzi, kichuma cha duara cha milimita nne, vipande viwili, nyuzi, basi. Na hakutoa kwenye upara wenyewe, alitoa ukingoni penye nywele bado, kwa sababu katikati vita vimeshaisha na hakuna cha kusoma. Kipande kimoja husomwa kwa kukatwa wima, kingine kwa kulala. Majibu: alopesia (upotevu wa nywele) ya kovu inayoanzia utosini, kwa kifupi cha madaktari CCCA. Huwapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika. Sisi! Halafu unaambiwa ni ugonjwa adimu. Utakosaje kuwa adimu kama hamvui vilemba?

Sasa niko kwenye sindano za triamsinoloni kichwani (nayo ni steroidi, ila sasa kwa ugonjwa uliopimwa; zinauma, sidanganyi), dawa kali ya kupaka, na doksisaikilini kwa muda mrefu, hiyo si kwa ajili ya vijidudu bali kutuliza uvimbe. Moto umepoa. Ukitulia kabisa nitaongezewa minoksidili kuzipa nguvu nywele zilizobaki. Lakini palipokwisha kuwa kovu hapaoti tena, na hapo ndipo uchungu ulipo. Lengo la matibabu ni kuzuia kovu lisizidi. Kila mwezi niliokuwa napaka tyubu ya fangasi ni nywele ambazo hazirudi. Nani analipa hilo?

NYONGEZA: Naona mmeanza. "Ni madawa ya kulainisha nywele mnayoweka", "acheni weaving". Tulieni. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa huu wakasema chanzo ni kitana cha moto cha kunyooshea nywele, na lawama hiyo tumebebeshwa mpaka leo. Baadaye ikaonekana wapo wanaoupata bila kuwahi kutumia kitana hicho. Mwaka 2019 ukachapishwa utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni ya PADI3, inayohusika na kutengeneza shina la unywele. Profesa Ncoza Dlova, daktari wa ngozi wa Durban, Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa watafiti hao. Ndiyo, misuko ya kubana na dawa kali haisaidii na mimi nimeacha, lakini asije mtu hapa kuniambia nimejitakia.

Na wewe unayenifuata PM na mafuta yako ya kitunguu maji na karafuu, nimeshakuripoti.

Kwa daktari aliyeandika kwamba wagonjwa ni wengi na muda hautoshi: naelewa, foleni nimeikaa mwenyewe. Lakini kufungua kilemba hakuchukui dakika. Kama hujui unachokiona, andika rufaa, si tyubu. Sikuwahi kuomba ujue kila kitu.

Swali kwa walioko Kanda ya Ziwa: sampuli yangu ilibidi isafiri mkoa mwingine kabisa na majibu yalichelewa sana. Kuna maabara ya karibu inayosoma kinyama cha ngozi ya kichwa, na bei ikoje kwa asiye na bima? Dada yangu ameanza kulalamika utosi unamchoma, na tayari wamempa tyubu.