Kazi ya ekolojia kwenye mikoko ya Chwaka: tuanzie wapi?

mwanaskuli_unguja: Assalaam aleikum. Tumepewa kazi ya ekolojia Chwaka. Tuhesabu miti tu?

mvuvi_wa_data: Waaleikum salaam. Kuhesabu tu kunakupa orodha. Ekolojia inauliza kwa nini mti huu uko hapa na si pale. Nendeni bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana), maji yakipwa. Tandazeni kamba kutoka ukingo wa bahari kuelekea nchi kavu. Mkiilaza sambamba na pwani mtayakosa mabadiliko yenyewe. Kila mita 20 pimeni mraba wa mita 10 kwa 10: aina, idadi, mzingo wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, na chumvi ya maji ya tope.

futikamba: Mkoko magondi, ule wenye mizizi inayotoka shinani kama miguu, haupimwi hapo kwenye mita 1.3! Pimeni sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, la sivyo mtapima mizizi. Mzingo gawanya kwa 3.14, ndiyo kipenyo.

mwanaskuli_unguja: Mchu, aina nyingine ya mkoko, tumeuona upande wa bahari na upande wa nchi kavu pia. Tumekosea?

mvuvi_wa_data: Hamjakosea. Mchu unastahamili chumvi na huitoa kupitia majani. Lamba jani uone. Ila miraba msichague penye miti mizuri tu, wastani utadanganya.