Kiwanda kilipe ada kuingia ubia wa utafiti na chuo, au ni kutupa pesa?

Fundi wa Darajani
Assalaam alaykum. Jana nilikuwa na tajiri mmoja ana kiwanda kidogo cha sabuni za mwani, chuo kimemwita achange ada ya mwaka aingie ubia wa utafiti na watu wa uhandisi, kakataa. Mie naona kakosea. Marekani ile NSF yao, shirika la serikali la kufadhili sayansi, inao mpango huu tangu miaka ya 70, kampuni kadhaa zinachanga, zinakaa na walimu zinaamua kipi kitafitiwe, matokeo wanagawana. Mashine ya kupimia usoweza kuinunua peke yako unaitumia, na kijana unamjua kabla hujamuajiri. Mwasemaje?

Mpajeni
Matokeo ya wote maana yake na jirani ninaeshindana nae anayapata, nilipe mie ale yeye? Na hao vijana wa chuo mpe spana namba 17 anakuuliza iko wapi kwenye kompyuta. Halafu mwani ni mambo yetu sie Paje na Jambiani tangu 1989, Pemba washike karafuu zao.

Mwana wa Micheweni
Nani kakugusa wewe mpaka uitaje Pemba?? Mwani mwingi wa Zanzibar unatoka huku kwetu, kaulize bandarini. Nyie ufukwe mshawapa wazungu wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji, hata pa kupigia vigingi vya mwani hamna.

Bi Mwanaidi
Wanangu, mie nimelima mwani zaidi ya miaka 20. Mwani wa aina ya kotonii ndo ulokuwa na bei, bahari ikashika joto ikawa yaoza, tukabaki na aina nyengine, spinosamu, ya bei ya maji. Wakaja watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari na nyavu ndefu kama soksi, unazitia maji marefu, kotonii ikaota tena. Lakini kule wataka boti na kuogelea, sie wangapi twajua kuogelea? Pale angekuwepo mwenye kiwanda ndani ya utafiti tangu siku ya kwanza angeliona hilo la boti mapema, maana mali anaitaka yeye.

Mpajeni
@Mwana wa Micheweni kaiti zinakuuma nini, kijana wangu analipa ada ya skuli kwa kufundisha kaiti. Wewe karafuu unaanika barabarani gari zinapita juu halafu unanambia habari za uhandisi

Kijana wa Tunguu
Mie niko mwaka wa tatu uhandisi na hilo la spana limenikera. Spana nimeshika gereji kwa ami yangu kabla sijavaa yunifomu. Mafundi wenu ndo wanafunga mota bila kusoma kibati chake cha maelezo ya umeme, ikiungua wanasema Mungu kapanga. Mnatunyima pa kufanyia mazoezi halafu mnatucheka hatujui kazi.

Fundi wa Darajani
Jamani mwasikia lakini alosema Bi Mwanaidi? IIT Madras, chuo cha uhandisi cha India walofungua tawi hapa Bweleo 2023, kwao Chennai kampuni zinapanga ofisi ubavuni mwa chuo kwa sharti zishirikiane na walimu na wanafunzi, si sadaka ile ni biashara. Hata hayo ya kuanika karafuu, kikaushio kizuri kingetoka humohumo.

Mwana wa Micheweni
Kikaushio sawa, lakini kwanza huyu aniombe radhi. Karafuu zaanikwa kwenye majamvi, barabarani ni mvua ikitukimbiza tu, nae alikuja lini Pemba?

Mpajeni
Nimekuja mara mbili, mara zote boti imenitapisha 😂

Kijana wa Tunguu
na spana je?

Fundi wa Darajani
Mie niliuliza ada.

Mwana wa Micheweni
Ada ipo yakhe, haikimbii. Mwache huyu wa Paje anijibu kwanza.