Kitunguu cha maua cha Unguja chenye majani ya madoa: ni Drimiopsis au Ledebouria?

Mtunza Vyungu aliandika:

Waungwana, naomba msaada wa wenye ujuzi wa botania. Ninatunza mmea wa maua wenye tunguu ambao umenifikia kwa majina matatu tofauti. Chungu cha kwanza kilikuwa na kibao cha Drimiopsis kirkii, cha pili Drimiopsis botryoides, na tunguu nililopewa baadaye na rafiki aliyeko Ulaya lilifungwa katika karatasi iliyoandikwa Ledebouria botryoides. Mimi nikivitazama vyote vitatu siioni tofauti: tunguu jeupe la mviringo linalochomoza kidogo juu ya udongo, majani manene kiasi ya kijani hafifu yenye mabaka ya kijani kilichoiva, na bua moja lenye vijiua vidogo vyeupe vilivyobanana. Kitabu changu cha zamani cha bustani kinauweka katika familia ya Liliaceae, wakati maandishi mapya yanautaja katika Asparagaceae. Aliyeniuzia alisisitiza kwamba haumei popote duniani isipokuwa Unguja. Je, ni mmea mmoja au mitatu, na nitumie vigezo gani kuutambua bila kutegemea vibao vya wauzaji?

Mhifadhi wa Sampuli alijibu:

Ndugu Mtunza Vyungu, kwa maelezo yako huo ni mmea mmoja, na majina yote matatu yana historia inayoeleweka. John Gilbert Baker, mtaalamu wa bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza aliyeelezea mimea mingi ya Afrika yenye matunguu, aliuchapisha kwa jina la Drimiopsis botryoides mwaka 1870, kisha mwaka 1874 akachapisha Drimiopsis kirkii kwa kufuata mimea iliyotoka Zanzibar. Kirk anayetajwa hapo ni John Kirk, daktari aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi na baadaye akawa balozi wa Uingereza hapa Unguja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipeleka mimea na wanyama kwa wataalamu wa Uingereza; hata kima punju wetu anabeba jina lake katika Kilatini. Wachunguzi waliofuata walipolinganisha sampuli waliona kwamba hapakuwa na sababu ya kutenga spishi mbili, na kanuni ya majina ya mimea inataka jina lililotangulia kuchapishwa kihalali ndilo lishike. Kwa hiyo kirkii ni kisawe tu, ingawa wauza maua wameling'ang'ania mpaka leo.

Kuhusu familia, kitabu chako hakikukosea kwa wakati wake. Liliaceae ya zamani ilikuwa kapu lililotiwa karibu kila mmea wenye tepali sita (vipande vya ua vinavyofanana na petali) na ovari (kifuko cha mbegu changa) iliyo juu ya msingi wa ua. Kapu hilo lilipopanguliwa, mmea huu ulihamia Hyacinthaceae, na ndivyo mtaalamu wa mimea Brita Stedje alivyouweka katika kitabu cha Flora ya Afrika Mashariki mwaka 1996. Mpangilio wa kimataifa wa familia za mimea ya maua uitwao APG III, wa mwaka 2009, ukaiingiza familia hiyo yote ndani ya Asparagaceae kama familia ndogo ya Scilloideae, chini ya oda ya Asparagales. Matokeo yake huwashangaza wengi: ijapokuwa una tunguu, kwa nasaba mmea wako uko karibu zaidi na mkonge wa Tanga kuliko na kitunguu cha jikoni, kwa kuwa kitunguu kimo katika Amaryllidaceae.

Dai la kwamba unamea Unguja peke yake si kweli. Unapatikana pia Tanzania bara na Kenya, na Stedje alitambua ndani yake nususpishi mbili, botryoides na prostrata, hii ya pili ikiwa ni ile ambayo majani yake hulala chini.

Mwalimu wa Botania alijibu:

Namshukuru Mhifadhi wa Sampuli kwa kuweka historia sawa. Ningependa kuongeza vigezo, kwa sababu swali la msingi lilikuwa ni jinsi ya kuutambua.

Usianzie kwenye madoa. Madoa hubadilika kwa mwanga, na mmea uliowekwa kivulini sana unaweza kuyapoteza karibu yote. Anza na sehemu ya chini ya jani. Drimiopsis maculata ya kusini mwa Afrika, ambayo huuzwa sana na huchanganywa na huu wako, ina kikonyo kirefu kilicho dhahiri na bapa la jani lenye umbo linalokaribia moyo. Huu wa kwetu hauna kikonyo cha namna hiyo: bapa ni refu, na linapungua upana taratibu kuelekea chini mpaka linaingia kwenye tunguu.

Kisha chukua ua moja na lenzi ya mkono. Bua halina majani, na maua yake yamepangika kama suke, kwa sababu vikonyo vya maua ni vifupi mno au havipo kabisa. Kila ua lina tepali sita katika duara mbili, na hapa ndipo penye jambo: tepali tatu za nje hufunguka kiasi, ilhali tatu za ndani zimejikunja ncha kama kofia na kuzifunika stameni (viungo vya kiume vya ua). Ukizitenganisha kwa sindano utaziona stameni sita, nyuzi zake zikiwa pana chini na zimeshikamana na tepali. Katikati kuna ovari yenye vyumba vitatu, kila chumba kikiwa na viiniyai viwili (vinavyokuja kuwa mbegu), nayo imekaa moja kwa moja bila kishina.

Ledebouria ya kawaida ni tofauti. Tepali zake sita hufanana na hupinda kurudi nyuma, kila ua lina kikonyo chake kirefu, na mara nyingi ovari imeinuliwa juu ya kishina kifupi. Zipo hata spishi, kama Ledebouria ovatifolia, ambazo ukichana jani lake taratibu hutoka nyuzi laini mfano wa hariri.

Mtunza Vyungu aliandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu na Mhifadhi. Nimekata ua kutoka katika kila chungu, na katika vyote vitatu tepali za ndani zimefunga kama kofia. Lakini hapo ndipo ninapozidi kutatizika: ikiwa ua lenyewe linapingana na lile la Ledebouria, kwa nini karatasi ya Ulaya inasema Ledebouria?

Mhifadhi wa Sampuli alijibu:

Kwa sababu hapo wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Manning, Goldblatt na Fay waliipanua jenasi ya Ledebouria ili iijumuishe Drimiopsis pamoja na jenasi nyingine ya karibu, Resnova, kwa hoja ya kwamba makundi haya yametokana na nasaba moja na mipaka kati yake ni myembamba. Ndipo likazaliwa jina Ledebouria botryoides (Baker) J.C.Manning & Goldblatt; Baker anabaki katika mabano kwa kuwa ndiye aliyeielezea spishi kwanza. Mwaka 2006 Lebatha, Buys na Stedje walitetea kubakisha jenasi tatu. Bustani na orodha mbalimbali zimechagua upande mmoja au mwingine, na hakuna anayevunja kanuni.

Kwa upande wangu ninaegemea Drimiopsis. Jenasi ambayo mtu anaweza kuitambua kwa ua moja na lenzi ya bei nafuu ina manufaa makubwa kwa watu wanaofanya kazi msituni. Kwenye kibao chako andika Drimiopsis botryoides Baker, chini yake uongeze visawe viwili, na muhimu zaidi mahali tunguu lilipochimbwa ikiwa unapajua, kwani chungu kisicho na asili hakiwezi kumsaidia mtafiti yeyote.

Tena, usiruhusu watoto walionje kwa kudhani ni kitunguu. Jamaa zake wa jenasi ya Drimia wana sumu inayodhuru moyo.