Biopsi (kipande cha ngozi cha kupimwa) ya malengelenge: majibu yanasema "akantolisisi", yaani seli za ngozi kuachiana, sampuli ya pili niitume vipi?

Tabibu_Lindi
Wakuu, mgonjwa ana vidonda mdomoni miezi miwili, sasa malengelenge laini kifuani, ukigusa tu yanapasuka. Majibu kutoka Dar: "mpasuko ndani ya epidamisi (tabaka la juu la ngozi), juu kidogo ya seli za msingi, akantolisisi." Imunofluoresensi (kipimo kinachofanya kingamwili kwenye ngozi ziwake) haikufanyika, kila kitu kilikuwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi vipande. Inatosha kuita pemfigasi, yaani kinga ya mwili kushambulia viunganishi vya seli za ngozi? Nikikata tena, basi litafikisha sampuli salama?

Slaidi
Tazama kwanza mpasuko uko tabaka gani. Hapo seli zimeachiana, za chini kabisa zimebaki zimeng'ang'ania utando wa chini ya epidamisi, zimejipanga kama mawe ya makaburini. Ndiyo sura ya pemfigasi vulgarisi, na mdomo unaafiki. Ingekuwa pemfigoidi, ugonjwa mwingine wa malengelenge, epidamisi nzima ingenyanyuka, lengelenge likaze, chini yake eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) tele. Mpasuko ukiwa juu kabisa, fikiria pemfigasi foliasea, lakini impetigo ya malengelenge (maambukizi ya bakteria) inafanana nayo mno.
Imunofluoresensi bado unaihitaji. Kwenye pemfigasi IgG (kingamwili) na C3 (protini ya kinga) huwaka katikati ya seli, utadhani jarife limeanikwa. Kwenye pemfigoidi ni mstari mmoja tu kwenye utando.

Maabara_Mtwara
Vipande viwili, vikopo viwili. Cha kwanza ukingo wa lengelenge la jana au leo, pamoja na ngozi nzima kidogo. Formalini ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wa kipande. Cha pili ngozi nzima ya jirani, ndani ya sm 1. Usikate lengelenge lenyewe, kingamwili pale huwa zimeshaharibika. Hiki formalini isikiguse kabisa, hata kwa kibano ulichotumia kwenye kile cha kwanza: inafunga protini, haitawaka. Weka kwenye salaini ya dripu, ifike ndani ya saa 24. Usigandishe, barafu hupasua seli. Na usitume Ijumaa! Kikopo kitalala kaunta hadi Jumatatu.

Tabibu_Lindi
Shukrani mkuu. Panchi (kikatio cha duara) ya mm 4 nikizungusha, paa la lengelenge linang'oka.

Maabara_Mtwara
Lengelenge kubwa liache, tafuta dogo ulichukue lote kwa kisu namba 15. Wakati unasubiri, kwangua sakafu ya lengelenge jipya, paka kwenye slaidi, tia rangi ya Giemsa ileile ya malaria. Seli za mviringo zilizojitenga, kiini kikubwa, weupe ukikizunguka: akantolisisi. Zikiwa kubwa zenye viini vingi, hiyo hepesi.