Besi ya kusafiria kwa mpiga taarabu: ipi inafaa?

Besi_Mkunazini

Asalaam alaykum jamaa zangu wa muziki. Mimi nnapiga besi kwenye kikundi cha taarabu asilia hapa Unguja. Besi yenyewe ni ile kubwa ya kusimama, ya robo tatu kama zilivyo nyingi, na hata hiyo robo tatu inapita sentimita 180 kwa urefu. Nyumbani haina neno. Shida ni safari.

Mwezi uliopita tulialikwa harusi Chake Chake. Niliifunga blanketi mbili, nikalegeza nyuzi zote kwa kuogopa, nikakaa nayo kwenye boti usiku kucha. Tulipofika nikasikia kitu kinagongagonga tumboni mwake: kile kijiti kinachosimama kati ya uso na mgongo kimeanguka, na daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, limelala. Ikabidi niazime gitaa la besi lenye freti, vile vyuma vinavyokata shingo na kupanga kila sauti mahali pake. Wageni walicheza na kutunza, lakini mpiga ganuni, kile chombo bapa cha nyuzi nyingi, alikuwa akigeuka kunitazama kila tulipoingia Rasti, moja ya maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu.

Sitaki yanikute tena. Nafikiria mambo manne: besi ya umeme ya kusimama, gitaa la besi lisilo na freti, zile U-Bass za kampuni ya Kala, besi ndogo kama ukulele, au besi ya mbao yenye shingo ya kufungua. Uwezo wangu mwaka huu hauzidi shilingi milioni mbili na nusu. Aliyetumia yoyote kati ya hizi anisaidie.

UdiNaBesi_Muscat

Waalaykum salaam ndugu yangu, pole sana. Mimi natumia Yamaha SLB, ile waliyoipa jina la besi ya kimya, huu mwaka wa sita. Ina uzito wa kilo 7 hivi, na zile mbao za pembeni zinazoshika nafasi ya tumbo zinatoka. Raha yake ni kuwa urefu wa uzi ni uleule wa besi kubwa, kama sentimita 104. Vidole vyako vya kushoto havisomi upya. Unafumba macho na noti ya Sol iko palepale ulipoiacha nyumbani. Upinde pia unakubali.

Ubaya wake nao nitausema. Mpya haikaribii hizo fedha zako, utafute iliyotumika. Mfuko wake bado ni mrefu kuliko gitaa lolote, kwa hiyo kwenye ndege unakwenda chini na mizigo. Na bila spika husikiki hata na mtu wa kiti cha pili.

Mpemba_Wete

Hilo la spika msilipite haraka. Sisi huku shamba tunapiga uwanjani, umeme ukikatika ganuni na fidla zinaendelea, wewe wa besi ya umeme umesimama na gongo mkononi. Mimi napiga sanduku kwenye kidumbaki, ile taarabu ndogo ya ngoma. Uzi mmoja, fimbo, sanduku la chai, na harusi nzima inasikia. Sikwambii ulitumie kwenye taarabu, haliwezi kazi ile. Nnachosema, hesabu spika yenye betri katika bei, usinunue chombo peke yake.

BintiChumbageni

Shikamoo wakubwa wote. Kaka wa Mkunazini, mimi nilipita njia hiyohiyo, napiga hotelini na kwenye taarabu pia. Nilianza na U-Bass. Uzi wake haufiki sentimita 55, inaingia hata kwenye ndege ndogo za kilo 15 za mzigo, na zile nyuzi zake nene za mpira zinatoa sauti ya kushangaza, karibu kabisa na besi kubwa ukiifumbia macho. Lakini nyuzi zinateleza kwenye kidole chenye jasho, zikiwa mpya zinashuka tyuni kutwa, na nafasi za vidole ni finyu mno. Nikirudi kwenye besi kubwa nilikuwa nakosa sauti kwa wiki nzima. Nimeiuza.

Sasa nina gitaa la besi lisilo na freti, sentimita 86, na ndilo ninalokushauri. Sababu ya kwanza ni hiyo Rasti yako. Sauti ya tatu pale, inayoitwa sika, inakaa kati ya Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu sauti) na Mi yenyewe. Freti haikupi. Inakupa moja au nyingine, na zote mbili zinagombana na ganuni. Bila freti unaisogelea kwa ncha ya kidole mpaka inakaa.

Sababu ya pili inahitaji kazi kidogo. Besi ya mbao ukiivuta uzi kwa kidole inatoa "dum" halafu inakufa upesi, ndiyo maana ngoma ya dumbaki inapata nafasi ya kusema. Gitaa la umeme sauti yake inaning'inia, inajaza kila mahali, na taarabu inakuwa nzito. Fanya hivi: weka nyuzi laini, zile zilizozungushiwa utepe bapa. Kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, upana wa kidole kimoja, kisukume chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja, kiziguse bila kuzibana. Vuta uzi kwa ubavu wa dole gumba, huku juu shingo inapoanzia. Punguza sauti kali yote kwenye spika. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo mpiga akodioni wetu, mzee wa miaka mingi kwenye kazi, aliniuliza besi kubwa nimeificha wapi.

UdiNaBesi_Muscat

Dada, kwenye sauti sikupingi. Napinga kwenye mkono. Kutoka 104 kwenda 86 ni tofauti kubwa, na yeye anapiga zote mbili wiki moja. Wapiga salsa wa New York walikuwa na shida hii zamani, na kwenye miaka ya 1960 wengi wakahamia Ampeg Baby Bass: tumbo dogo la plastiki, shingo na urefu wa uzi wa besi kubwa. Walipunguza tumbo, uzi hawakuugusa. Walijua wanachofanya.

BintiChumbageni

Ni kweli, na angekuwa na fedha ningesema kama wewe. Lakini mkono unazoea. Dakika kumi za ngazi kila siku kwenye kila chombo, hivyo ndivyo nilivyofanya mimi.

FundiMbao_Msa

Mwanangu, nizungumzie hiyo ya shingo ya kufungua, kwa kuwa watu wananiletea kila mara wakitaka nikate. Zipo zilizotengenezwa hivyo tangu mwanzo na ni nzuri. Lakini besi ya zamani iliyogundishwa usiikate. Pale kwenye kisigino cha shingo ndipo nguvu yote ya nyuzi inapokaa, na ukishakata hurudi nyuma.

Na kilichokuangusha si boti peke yake. Kile kijiti cha ndani hakigundishwi, kinashikwa na mkandamizo wa nyuzi tu. Ulipolegeza zote ulikifungulia mlango. Safari nyingine shusha kidogo tu, nusu sauti au sauti nzima, jaza sponji chini ya ile sehemu inayoshika nyuzi isije ikapiga uso, na weka alama ya penseli miguuni mwa daraja ili ukirudi ujue lilipokuwa. Besi ya plaiwudi inavumilia unyevu wa bahari kuliko ya mbao tupu, lakini jua la sitahani haivumilii yoyote.

Besi_Mkunazini

Ahsanteni sana, Maalim Fundi shikamoo. Basi kwa kulegeza zile nyuzi nimejiumiza mwenyewe, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Upinde natumia kwenye bashrafu tu, ule muziki wa kufungulia usio na uimbaji, na bashrafu hatupigi harusini, kwa hiyo hilo halinizuii. Nimeamua nianze na gitaa lisilo na freti. Kuna jamaa Dar analo la mkono wa pili, fedha itakayobaki nitanunua spika ya betri kama alivyosema ndugu wa Wete. Besi kubwa itabaki kwa maonyesho ya hapahapa mjini, na kwa mialiko ya Dar nitaipeleka kwa hayo ya penseli na sponji.

Swali la mwisho kwa Dada wa Chumbageni: hizo nyuzi za utepe bapa unazipata wapi? Madukani hapa nimezunguka, wote wana zile za kukwaruza tu.

BintiChumbageni

Hapa Tanga hazipo, mimi naagiza kwa watu wanaosafiri. Kuna mtu wangu anarudi kutoka Nairobi wiki ijayo. Nitumie urefu kamili wa uzi kutoka darajani hadi kule juu, nimwambie alete seti mbili.