Shailoki alivyotoka kitabuni

Zawadi: Shikamoo, Mjomba. Jana tulipozungumzia mikopo, karibu kila mmoja wetu humu kwenye kundi aliandika "mashailoki", yaani wakopeshaji binafsi wa riba, bila kusita. Nikajiuliza ni wangapi humu wanaofahamu kwamba Shylock ni mhusika wa tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1600.

Mjomba Rashidi: Marahaba. Ndiyo ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969 kwa jina la *Mabepari wa Venisi*. Shylock anamkopesha mfanyabiashara Antonio dukati (sarafu za dhahabu) 3,000 kwa miezi mitatu, na hati inasema kwamba deni lisipolipwa siku ya ahadi, atakata ratili moja ya nyama mwilini mwa Antonio. La kushangaza ni kwamba katika mkopo huo hakudai riba hata kidogo.

Baraka: Hakudai riba? Mashailoki wa Nairobi wanaishi kwa riba, tena wanakushikia kitambulisho na hati ya gari!

Mjomba Rashidi: Riba ndiyo iliyokuwa biashara yake ya kawaida, na ndiyo iliyomgombanisha na Antonio, aliyekuwa akikopesha bure. Wakenya walichukua ukali wake siku ya kulipwa, wakampa mkopeshaji binafsi ambaye hana fomu nyingi kama benki, wala hana subira. Ile kesi yake ya kudai nyama mahakamani wakaiacha kitabuni.

Shangazi Mwanaidi: Kwangu mimi, jina huwa neno linapoingia katika ngeli: shailoki, mashailoki, ushailoki. Ufaransa mambo yalikwenda mbali zaidi, kwani mbweha wa hadithi za zama za kati aliitwa Renart, na jina lake likalifukuza neno la zamani, *goupil*, hata leo kila mbweha kule ni *renard*.

Zawadi: Hata hivyo, Shylock ni Myahudi, na kwingineko jina hilo ni tusi. Mwaka 2014 Joe Biden, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, aliwaita hivyo wakopeshaji walaghai, akalaumiwa, na akakiri kwamba alichagua neno vibaya.

Mjomba Rashidi: Hapo umesema kweli. Mkenya anayelitamka hamkusudii Myahudi yeyote, ila mbele ya mgeni ni bora kusema "mkopeshaji".

Baraka: Lakini mbona jina la Antonio halikupata bahati ya kuwa neno, ilhali wadaiwa ni wengi kuliko wakopeshaji?

Shangazi Mwanaidi: Wanaobandika majina ni wadaiwa, Baraka. Nani angejibandika mwenyewe?